Nani anakupima? Barua ya wazi kwa wanaosimamia tiba ya mtandaoni ya magonjwa ya ulaji

Kwa wakuu wa wizara za afya, mabaraza yanayosajili wataalamu wa saikolojia, kampuni za bima, na wenye majukwaa yanayotoa tiba kwa simu na kompyuta,

Waheshimiwa,

Niliugua bulimia, ugonjwa wa kula kupita kiasi kwa mkupuo kisha kujitapisha, kwa miaka tisa. Sehemu kubwa ya tiba yangu niliipata mbele ya skrini ya simu, na naanza kwa kulisema hilo ili asiwepo atakayesoma barua hii akidhani nimekuja kuibomoa tiba ya mtandaoni. Bila ile simu ya video ya kila Jumanne jioni, naamini nisingekuwa hai kuandika haya. Nimekuja kuwaeleza kilichonipata katikati ya tiba hiyo, kisha niwaombe jambo ambalo liko ndani ya uwezo wenu kabisa.

Kilikuwa kikao changu cha saba. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye rundo la vitabu ili kamera inichukue kuanzia mabegani kwenda juu, kama nilivyofanya kila mara. Nilikuwa nimenawa uso, nimejipaka mafuta, nimechana nywele. Mtaalamu wangu aliponiona akatabasamu: "Leo umechangamka." Nikacheka. Tukazungumza dakika hamsini, mazungumzo mazuri kweli, kuhusu ile sauti inayoniambia sistahili kushiba. Muda wote huo, chini ya meza, misuli ya mguu wangu wa kushoto ilikuwa inakaza na kuachia yenyewe, na ncha za vidole zilikuwa zimekufa ganzi. Sikusema. Naye hakuuliza. Kesho yake nilikuwa napanda ngazi, moyo ukaanza kupiga ovyo kama ndege aliyenaswa, giza likanijia machoni, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi na mtu nisiyemjua ameushika mkono wangu.

Hospitalini walipima damu. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ilikuwa imeshuka kiasi kwamba hawakuniruhusu hata kwenda msalani peke yangu kabla ya kunitundikia dripu na kuniunganisha na mashine ya moyo. Daktari wa zamu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akavuta kiti akakaa. "Nani anakutibu, mwanangu?" Nikamtajia. "Haya. Na nani anakupima?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakukuwa na mtu.

Simlaumu yule mtaalamu. Alikuwa makini, alisikiliza, na alikumbuka nilichosema wiki tatu nyuma. Lakini fomu aliyopewa na jukwaa alilofanyia kazi ilikuwa na maswali ya huzuni, usingizi na wasiwasi. Haikuuliza popote natapika mara ngapi kwa wiki, wala damu yangu ilipimwa lini mara ya mwisho. Mfumo ulimpa uso wangu na sauti yangu, ukamnyima mwili wangu. Na huu ni ugonjwa wa akili unaoua kwa kupitia mwili.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu nimegundua watu wengi wenye madaraka hawalijui hili, na kitanda usichokilalia huwezi kuwajua kunguni wake. Anayetapika mara kwa mara au kutumia dawa za kumfanya aharishe hupoteza potasiamu, na moyo unahitaji potasiamu ili upige kwa mpangilio. Ikishuka sana, moyo unaweza kusimama pasipo onyo la maana. Mtu huyo anaweza kuwa na uzito wa kawaida kabisa. Wengi wenye bulimia ndivyo walivyo, na ndiyo maana familia, walimu na waajiri hukaa nao miaka bila kujua. Uso hauonyeshi potasiamu. Kamera nzuri kuliko zote duniani haiioni. Bomba la sindano na maabara ya kawaida vinaiona.

Kwa mwenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, hatari ni nyingine, lakini nazo hujificha vilevile. Mapigo ya moyo hupungua, shinikizo la damu huporomoka anaposimama, mwili hupoa, misuli huliwa na mwili wenyewe, ukiwamo ule wa moyo. Kisha kuna mtego ambao wengi hawautarajii: mtu aliyeshinda na njaa kwa muda mrefu akianza kula tena, hasa kwa haraka na bila usimamizi, fosfeti, madini mengine ya damu, inaweza kuanguka ghafla, na siku zile zile ambazo familia inafurahi kwamba mtoto anakula ndizo zinazoweza kumuua. Anayemwona kwa video tu atamwona anaendelea vizuri.

Mwaka 2022 chuo cha kitaifa cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Uingereza kilitoa mwongozo mpya wa kutambua dharura katika magonjwa haya. Nimeusoma nikitafuta mitambo ya gharama. Kinachotajwa humo, kwa sehemu kubwa, ni mapigo ya moyo, shinikizo la damu mtu akiwa amelala na akiwa amesimama, joto la mwili, vipimo vya damu, kipimo cha umeme wa moyo, na kuangalia kama mgonjwa anaweza kuchuchumaa na kuinuka bila kujisaidia kwa mikono. Muuguzi mmoja mwenye saa ya mkononi na kipima shinikizo anaweza kufanya karibu nusu ya hayo kabla chai yake haijapoa.

Anoreksia imo miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulionyesha kwamba kati ya watano waliofariki wakiwa na anoreksia, mmoja alikuwa amejiua. Nawaomba muisome takwimu hiyo kwa pande zote mbili. Huyo mmoja anahitaji mtu wa kuzungumza naye, leo, na simu inaweza kumfikia. Kwa hao wanne wengine, mazungumzo peke yake hayatoshi.

Hata mazungumzo yenyewe yanategemea mwili. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wa kiume waliojitolea, wenye afya nzuri ya mwili na akili, akawapunguzia chakula kwa wiki 24. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa ulaji walipoingia. Baada ya muda wakaanza kuwaza chakula mchana na usiku, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakajitenga, wakawa na huzuni na hasira, wakakata chakula vipande vidogo na kukaa nacho muda mrefu. Njaa peke yake ilitosha kuyaleta hayo. Kwa hiyo mnapomwajiri mtaalamu akae kwenye video na mtu mwenye njaa, bila yeyote kuushughulikia mwili wake, mnamtuma akabishane na njaa. Njaa haibishiki.

Sasa niseme kwa nini naitetea tiba hii kwa nguvu zote, maana najua kuna watakaoichukua barua yangu na kuitumia kufunga mlango.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini katika ugonjwa huu kuficha ni dalili, kama kikohozi kilivyo dalili ya kifua. Kwa miaka sita sikumwambia mtu. Niliwahi kufika hadi kwenye mlango wa kliniki, nikaona watu wamekaa kwenye benchi, nikawaza kwamba kila mmoja atanitazama mwili wangu kisha anione mwongo, kwa kuwa sikuwa mwembamba kama watu wanavyomfikiria mgonjwa. Nikageuka. Gerald Russell, aliyekuwa wa kwanza kuieleza bulimia kwa jina hilo mwaka 1979 huko London, aliandika kuhusu wagonjwa 30 tu. Najiuliza wangapi wakati huo waligeukia mlangoni kama mimi. Simu ilinipa njia ya kusema bila kupita mbele ya benchi lile. Mara ya kwanza nilizima kamera. Mtaalamu akaniacha nizime. Ya tatu nikaiwasha mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo ofisi ya daktari haiwezi kulifanya. Ugonjwa huu unaishi nyumbani, unaishi jikoni, unaishi katika saa moja baada ya kula. Simu inaingia humo. Kuanzia mwezi wa tatu tulianza kula pamoja. Yeye na sahani yake, mimi na yangu, simu imeegemea kwenye jagi. Hakunihesabia matonge. Alikuwa anaongea habari za kawaida, za kitabu anachosoma, za mvua iliyomnyeshea, na kila nilipoweka kijiko chini kwa muda mrefu alikuwa anasema tu, "Nipo." Tukimaliza, hakukata simu. Tulikaa. Mimi nilikuwa nakunja nguo, yeye anaandika maandishi yake, kamera zimewashwa, dakika kumi, ishirini, arobaini, hadi ile hamu ya kukimbilia msalani ilipopanda, ikafika kileleni, ikaanza kushuka. Sikuwahi kujua kwamba hushuka yenyewe. Kwa miaka sita nilikuwa sijawahi kuingoja.

Siku moja mtandao ulikatika katikati ya sahani. Uso wake ukaganda akiwa amefungua mdomo, kisha skrini ikawa nyeusi. Nilikaa na chakula mbele yangu na ukimya, na sitaki kuwaeleza kilichofuata. Jambo dogo kama namba ya simu ya kawaida ya kupiga mtandao ukikatika, iliyokubaliwa tangu siku ya kwanza, lingeuokoa usiku ule. Halikuwepo kwa sababu jukwaa lilikataza wataalamu kuwapa wagonjwa namba. Naelewa sababu za katazo. Lakini toeni basi namba ya jukwaa lenyewe, ipokelewe na mtu.

Ushahidi nao uko upande wa tiba hii, ukisomwa kwa uaminifu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa watu wazima 179 wenye bulimia: kundi moja lilikutana ana kwa ana na mtaalamu, jingine lilifanya tiba ile ile kwa kuandikiana mtandaoni, vikao 16 kila upande. Tiba ilipoisha, wa ana kwa ana walikuwa mbele. Mwaka mmoja baadaye pengo lilikuwa limepungua sana. Mimi hapo nasoma kwamba tiba ya mtandaoni inafika, ila inachelewa kufika, na kwa hiyo kumkatisha mtu njiani kwa sababu mwezi wa tatu hajapona ni kumtupa akiwa amekaribia. Mwaka huo huo NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, ilipendekeza kwamba watu wazima wenye bulimia na wenye ulaji wa kupindukia waanze na programu ya kujisaidia yenye mwongozo, ikisindikizwa na vikao vifupi 4 hadi 9 vya dakika 20 ndani ya wiki 16. Hiyo imekaa kama iliyotengenezwa kwa ajili ya simu. Na isipotosha, tiba ya fikra na tabia iliyotengenezwa na Christopher Fairburn huko Oxford huchukua vikao 20 hivi, au 40 hivi kwa mtu aliyepungua uzito sana. Kwa hiyo ninapoona kifurushi cha "vikao vinne vya kushinda tatizo la chakula", naona kitu ambacho hakijasoma hata ukurasa wa kwanza.

Kwa watoto na vijana wenye anoreksia kuna tiba ya kifamilia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, ambapo wazazi ndio wanaoshika jukumu la kumlisha mtoto hadi apate nguvu. Tiba hii imehamia kwenye video vizuri, hasa tangu janga la mwaka 2020 lilipowafungia watu majumbani. Nimetafakari kwa nini imehama vizuri. Ni kwa sababu mikono ilibaki nyumbani. Mzazi yupo mezani, mzazi anampandisha mtoto kwenye mizani, mzazi anampeleka kupimwa moyo na kurudi na majibu. Mtaalamu yuko mbali, lakini mwili hauko peke yake. Mtu mzima anayeishi peke yake, kama nilivyokuwa mimi, hana mikono hiyo, na ni wajibu wa huduma kumtafutia.

Hili ndilo ombi langu. Msimpe leseni, msimlipe, wala msimtangaze yeyote anayetibu magonjwa ya ulaji mtandaoni mpaka aonyeshe kwamba kila mgonjwa wake ameunganishwa na kituo kilicho karibu naye cha kumpima mwili, na kwamba majibu ya vipimo humfikia mtaalamu kabla ya kikao. Nasema aunganishwe na huduma. Msije mkamwagiza mgonjwa akajitafutie. Mtu ambaye sauti kichwani inamwambia kila asubuhi kwamba haumwi, ukimwambia "tafuta kliniki upime damu", umeipa sauti ile kazi ya kuamua.

Mtaniambia masharti haya yataongeza gharama na kuwafungia nje walio mbali na hospitali. Nilipotoka hospitalini, yule daktari wa zamu alimpigia mtaalamu wangu, wakazungumza robo saa. Mtaalamu akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa muuguzi wa zahanati iliyo jirani yangu. Muuguzi yule hakuwahi kumwona mgonjwa wa bulimia aliyejitambulisha kuwa ni mgonjwa wa bulimia. Barua ilimwambia nini cha kupima kila baada ya wiki mbili, na namba zipi zikionekana anipeleke hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri. Ilimwambia anipandishe kwenye mizani nikiwa nimeipa mgongo. Ilimwomba asiutaje uzito kwa sauti, asiniambie nimenenepa wala nimepungua, wala asinisifie kwamba nimependeza. Mwishoni ilikuwa na namba ya mtaalamu. Hayo tu. Muuguzi aliisoma mara mbili mbele yangu, akaikunja, akaniuliza, "Una dakika tano?" Tukaanza siku hiyo.

Na ikiwa mgonjwa anakataa kupimwa? Wengi watakataa, nami nilikataa mara moja. Msimfukuze. Kikao cha siku hiyo kiwe juu ya hofu ya kupimwa, na kingine hivyo hivyo, na daktari aarifiwe. Sharti ninaloliomba linabanwa kwenye shingo ya huduma, si ya mgonjwa. Pale hatari inapokuwa kubwa, mtaalamu awe na anwani ya mgonjwa na jina la mtu wa karibu, vitu ambavyo baadhi ya majukwaa huviruka ili mtu ajisajili upesi.

Wenye majukwaa, nina maneno mawili matatu kwenu peke yenu.

Kile kiboksi kidogo kwenye kona ya skrini, kinachomwonyesha mtu uso wake mwenyewe wakati anaongea, kwa wengine ni kitu cha kawaida. Kwangu kilikuwa kioo nilichofungiwa nacho dakika hamsini. Anayetapika mara kwa mara, tezi za mate huvimba, mashavu hujaa chini ya masikio. Nilikuwa nayatazama mashavu yale. Mtaalamu anaongea kuhusu kujithamini, mimi nayapima kwa macho, nainamisha kidevu, nasogeza simu juu kidogo, nainua tena. Kuna vikao ambavyo sikumbuki alisema nini, lakini nakumbuka kila pembe ya taya langu. Ilipita miezi mitano kabla ya mgonjwa mwenzangu kuniambia kwamba kiboksi kile huweza kufichwa. Katika huduma ya magonjwa ya ulaji kiwe kimefichwa tangu mwanzo, na anayekitaka ndiye akitafute.

Ondoeni pia ile sehemu inayomdai mtu uzito wake wakati wa kujisajili kisha inamchorea grafu. Niliwahi kupakua programu ya afya ya akili ambayo ilinitumia neno "Hongera!" na rangi za kijani wiki ambayo uzito wangu ulishuka kwa sababu ya ugonjwa. Aliyeiandika hakuwa na nia mbaya, naamini. Alimfikiria mtumiaji mwingine.

Kuhusu roboti za maongezi, tayari tumeshaonyeshwa. Mwaka 2023 chama cha kitaifa cha magonjwa ya ulaji cha Marekani, NEDA, kilikuwa kinafunga huduma yake ya simu iliyopokelewa na watu, huku roboti iitwayo Tessa ikibaki kwenye tovuti yake. Kabla hata siku ya kufunga haijafika, ikabidi roboti iondolewe, kwa sababu ilikuwa imewapa watu ushauri wa kupunguza uzito na kuhesabu kalori. Fikirini mtu amekusanya ujasiri wa miaka mingi, anaandika kwamba anaogopa chakula, na anajibiwa namna ya kula kidogo zaidi. Mashine ikumbushe miadi, ihifadhi shajara ya milo, impeleke mtu kwa mtu. Isiachwe peke yake na mgonjwa wa ugonjwa huu.

Na siri zetu zilindeni. Ufini kumbukumbu za vikao vya kituo cha tiba ya saikolojia kiitwacho Vastaamo ziliibwa, na mwaka 2020 maelfu ya wagonjwa wakatumiwa ujumbe wa kudaiwa fedha ili siri zao zisianikwe. Marekani, mwaka 2023, tume ya biashara iliifikisha BetterHelp, kampuni ya tiba ya mtandaoni, kwenye makubaliano ya kulipa dola milioni 7.8 kwa madai ya kupeleka taarifa za wateja kwa kampuni za matangazo. Mgonjwa wa ulaji ambaye taarifa zake zimefika kwa wauza matangazo atafuatwa na dawa za kupunguza tumbo kila anapofungua simu. Sihitaji kueleza zaidi.

Kwenu wenye bima, ombi ni jepesi kuliko mnavyolifanya. Acheni kutumia uzito kama tiketi ya kuingilia. Ule mwongozo wa NICE unasema wazi kwamba kipimo kimoja kama uwiano wa uzito na urefu kisitumike kuamua nani apewe tiba. Nilinyimwa malipo mara ya kwanza kwa maelezo kwamba uzito wangu ulikuwa "ndani ya kiwango salama". Ugonjwa wangu uliipokea barua ile kama agizo. Nilijiambia basi sijaumwa vya kutosha, na miezi minne iliyofuata ndiyo iliyokuwa mibaya kuliko yote. Australia tangu Novemba 2019 bima yake ya umma inagharimia hadi vikao 40 vya saikolojia na 20 vya mtaalamu wa lishe kwa mwaka kwa wagonjwa wa ulaji wanaokidhi vigezo, chini ya mpango ambao daktari anaufuatilia na kuupitia upya kadiri vikao vinavyokwenda. Tazameni mpango ule ulivyofungamanishwa: saikolojia, lishe, na daktari anayerudi kumwona mtu. Lipieni vyote vitatu pamoja, na vya mtandaoni vilipwe sawa na vya ana kwa ana, mradi kipimo cha mwili kimo ndani.

Najua barua hii itapita mikononi mwa makarani kabla ya kuwafikia, na huenda baadhi yenu mna binti au kijana wa kiume mnayesikia maji yakifunguliwa msalani kila baada ya chakula cha jioni. Na wavulana pia, tafadhali. Fomu nyingi za kujisajili nilizoziona zina picha ya msichana mwembamba, na mvulana anayezifungua hujiambia kwamba si za kwake.

Sasa naendelea vizuri. Bado nina vikao, mara moja kwa mwezi, na bado napimwa, ingawa siku hizi ni kwa nadra. Yule muuguzi ameshapokea wagonjwa wengine watatu waliotumwa na wataalamu wa mbali, na kila anapompokea mmoja huitoa ile karatasi kwenye droo akaisoma upya. Imechakaa kwenye mikunjo, ameibandika gundi ya karatasi kwa nyuma. Nimemwomba ruhusa, naye pamoja na mtaalamu wangu wamekubali. Jina langu litafutwa juu yake. Mkihitaji nakala ya kuanzia, niandikieni, nitaituma siku hiyo hiyo.

Wasalaam,

Mgonjwa wa kikao cha Jumanne